Spana za Baba Zarudi Nyumbani

Kila asubuhi kijiji cha Eita kiliamshwa na sauti ya Mjomba Baraniko. Alikuwa juu ya mnazi, kisu kiunoni, akigema tembo huku akiimba. Wagema wote wa kisiwa cha Tarawa huimba, ili walio chini wajue kuna mtu juu, lakini Mjomba Baraniko alikuwa na tabia yake mwenyewe: aliimba habari. Alichosikia jana jioni ndicho alichokiimba leo alfajiri. Kama Eita ingekuwa na gazeti, lingekufa kwa kukosa wasomaji.

Akineti alikunja mikeka juu ya ulingo waliolalia, akafagia majani ya mshelisheli uani, akateka maji kisimani. Mama yake, Bwereata, alikuwa jikoni akikaanga maandazi ya kwenda kuuza karibu na shule. Bibi Taoaba, mama mzaa baba, alikwisha kaa mahali pake na kuanza kusuka mkeka. Baba naye alinyoa ndevu, akavaa shati lake jeupe lenye alama ya nanga mfukoni, akaketi ukingoni mwa ulingo akiitazama bahari.

"Baba yako anaisubiri meli," Mama alisema, kama alivyosema kila siku, na akageuza andazi kwa nguvu kuliko lilivyostahili.

Baba, jina lake Tekaai, alikuwa fundi wa injini melini. Alizunguka dunia na meli za mizigo kwa miaka mingi, na kila aliporudi likizo alikuja na sanduku la chuma lililojaa spana zinazong'aa. Kisha kampuni ikapunguza mabaharia. Baba akarudi likizo nyingine, na likizo hiyo sasa ilikuwa imeingia mwaka wa tatu. Barua za kuomba kazi aliziandika mpaka wino ukaisha. Lakini mtu akimuuliza, alitabasamu na kujibu, "Naisubiri meli tu. Wataniita wakati wowote."

Kwa hiyo watu wote wa Eita waliamini kwamba Tekaai anakula mshahara akiwa amekaa. Na kwa kuwa waliamini hivyo, walikuja.

"Tekaai, ndugu yangu, nimekuja na bubuti," alisema Shangazi Katarina asubuhi ile ile, akiwa amekumbatia pampu ya maji.

Bubuti ni ombi la ndugu, na kwetu ombi la ndugu halikataliwi. Mtu akikuomba pampu itengenezwe, unaitengeneza. Akiomba shati, unalivua. Anayekataa hutazamwa kama mtu aliyepita uchi katikati ya kijiji. Baba alitengeneza pampu ya Shangazi Katarina mpaka jua likawa kali, akapewa asante kubwa na tabasamu. Wengine waliomba utaalamu, wengine wakaomba spana zenyewe, moja leo, moja mwezi ujao, na hakuna aliyezirudisha, kwa sababu kitu cha bubuti ni chako ukishapewa.

Shuleni, rafiki yake Akineti aitwaye Ruuta alikuwa na ulimi mwepesi.

"Likizo ya baba yako imeota ndevu sasa," Ruuta alimtania wakati wa mapumziko. "Au meli yenyewe imezama?"

"Meli iko matengenezoni!" Akineti alijibu upesi. "Ikitoka tu, baba ataniletea viatu vyenye taa."

"Vyenye taa?"

"Ndiyo. Ukikanyaga, vinawaka."

Ruuta aliduwaa kwa wivu. Akineti alicheka naye, lakini ndani yake alijisikia vibaya. Alijua hakuna viatu. Alijua pia kwamba wiki ile mchele wa nyumbani ulikuwa unatoka kwenye maandazi ya Mama peke yake.

Alhamisi mchana, redio ya Bibi Taoaba ilitangaza jambo. Karakana mpya ya injini za boti iliyoko Betio, karibu na gati, ilitafuta fundi mmoja wa injini za dizeli. Majaribio yangefanyika Jumamosi asubuhi, na kila fundi aje na vifaa vyake.

Mama alitoka jikoni mbio, unga mikononi. "Umesikia? Tekaai! Umesikia?"

Baba alikuwa ameshasimama. Uso wake uling'aa kuliko spana zake za zamani. Alilivuta sanduku la chuma kutoka chini ya ulingo, akalipangusa vumbi, akalifungua. Wote waliinama kuchungulia.

Mlikuwa na tambara la grisi, bisibisi isiyo na mpini, na mjusi. Mjusi aliwatazama kama watu walioingia nyumbani kwake bila hodi.

"Zimekwenda wapi?" Akineti aliuliza.

"Zimekwenda kwa ndugu," Baba alisema, na uso wake ukazima.

"Basi nenda ukaziombe!" Mama alisema. "Leo ni Alhamisi. Una siku nzima ya kesho."

"Niwaambie nini? Kwamba nazitaka ili nikapange foleni ya kazi Betio? Watasema, kumbe Tekaai hana kazi."

"Kwani unayo?"

Baba alifunga sanduku taratibu, akimwacha mjusi ndani, akarudi kukaa ukingoni mwa ulingo. Akineti alimwona akiutazama upeo wa bahari, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba baba yake hakuwa anasubiri chochote kule. Alimhurumia.

Bibi Taoaba hakuinua macho kutoka kwenye mkeka. "Mimi nikienda kuomba sukari, nasema yangu imekwisha," alisema. "Sisemi nataka kuilinganisha na yangu. Mtu akiomba, aseme shida yake. Basi."

Baba alijifanya hakusikia. Akineti alisikia, lakini alisikia nusu: alisikia sehemu ya kwenda kuomba, ile ya kusema shida ikampita.

Jioni ile alikwenda kwa Mjomba Baraniko, kaka yake Mama, aliyekuwa na spana mojawapo na sasa alikuwa amepanda tena mnazini kwa ugemi wa jioni.

"Mjomba! Mjomba Baraniko! Nimekuja na bubuti!"

"Mtoto wa dada yangu! Sema, nakusikia!"

"Baba anazihitaji spana zake!"

"Za nini tena?"

Hapo ndipo Akineti angesema ukweli, na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini ulimi una mazoea yake, na wa Akineti ulikuwa umezoea njia moja tu.

"Meli... meli imemwita, Mjomba."

Halafu Mjomba Baraniko akapiga ukelele uliowarusha kuku wote wa jirani, akateleza chini kwa kasi, akamkumbatia.

"Hatimaye! Nilijua tu! Mwambie shemeji nimefurahi sana. Spana za nini sasa? Meli za wageni zina spana tele, zimepangwa ukutani. Hii yenye kutu aniachie moja kwa moja. Na akirudi aniletee redio!"

"Lakini Mjomba..."

Mjomba hakungoja. Alikuwa ameshaanza kupanda mnazi mwingine, ambao ugemi wake alikwisha kuumaliza, kwa ajili ya kuimba tu. Sauti yake ilipaa juu ya mapaa yote ya Eita: meli imemwita Tekaai, Tekaai anaondoka, Tekaai huyoo!

Ijumaa, Akineti aliporudi kutoka shule, ua ulikuwa umejaa watu. Mmoja alikuwa amekuja na bubuti ya viatu vya Baba, kwa kuwa melini atapewa vingine. Shangazi Katarina alitaka manukato kutoka ng'ambo, ile chupa ya buluu, asisahau. Mzee Ioteba, mkubwa wa kijiji, aliliomba sanduku lenyewe la chuma.

"Hutalihitaji tena, mwanangu," alisema kwa upole. "Mimi nitaweka humo ndoana zangu."

"Lina mjusi," Baba alisema kwa sauti hafifu.

"Nitaishi naye. Na jioni tukutane kwenye maneaba. Tunakuaga rasmi. Nguruwe wangu nimeshamchinja."

Baba alimtazama Mama. Mama alimtazama Akineti. Akineti akayatazama majani ya mshelisheli ambayo hakuyafagia vizuri asubuhi.

Watu walipoondoka, Baba alimwita nyuma ya nyumba.

"Nani kasema meli imeniita?"

"Mimi, Baba." Machozi yalimtoka hapo hapo. "Nilitaka Mjomba anipe spana."

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Kwa sababu wewe kila siku unasema meli inakuja. Niliona aibu kusema kitu kingine."

Baba alikaa juu ya gogo la mnazi. Akineti alingoja kugombezwa. Badala yake Baba alimvuta karibu, akampangusa machozi kwa pindo la shati lake lenye nanga.

"Umeongopa, na hilo ni kosa," alisema. "Lakini uongo huu niliupanda mimi. Wewe umeumwagilia maji tu. Leo nitaung'oa mwenyewe, na wewe utakuwepo uone."

Maneaba ya Eita, ile nyumba kubwa ya mikutano isiyo na kuta, ilijaa pomoni. Kila ukoo ulikaa mahali pake, wazee mbele, watoto nyuma. Vijana walicheza ngoma. Kina mama walimvisha Baba taji la maua, wakamnyunyizia manukato, wakampaka poda shingoni na kichwani kama ilivyo desturi ya kumheshimu mgeni wa karamu, mpaka akawa mweupe kama andazi kabla halijatiwa mafutani. Mzee Ioteba alitoa hotuba ndefu kuhusu bahari. Kisha akamkaribisha Tekaai aseme neno.

Baba alisimama. Akineti, nyuma ya Bibi, alimshika Bibi mkono kwa nguvu.

"Wazee wangu, kina mama, ndugu zangu," Baba alianza. "Hakuna meli."

Ngoma iliyokuwa ikipigwapigwa pembeni ilinyamaza.

"Meli haijaniita. Haijaniita mwaka huu, wala mwaka jana, wala ule mwingine. Sina kazi. Nimeandika barua kila mahali, sikujibiwa. Niliona haya kuwaambia, nikasema nasubiri. Mtoto wangu akanisikia, akasema kama nilivyosema mimi. Msimlaumu yeye. Kesho kuna majaribio ya kazi Betio na ninataka kwenda, lakini spana zangu ziko kwenu. Sasa mimi ndiye mwenye bubuti. Nawaombeni spana zangu."

Hata Ruuta, aliyekuwa amekaa na ukoo wake upande wa pili, alifungua mdomo asiseme kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mzee Ioteba alijikuna kidevu. "Kwa hiyo," alisema polepole, "nguruwe wangu amekufa kwa ajili ya meli isiyokuwepo?"

"Ndiyo, mzee wangu. Nisamehe."

"Mnene vile?"

"Mnene vile."

Mzee alianza kutikisika mabega. Watu walidhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akamshika aliye karibu naye asianguke, na maneaba nzima ikafuata.

Shangazi Katarina peke yake hakucheka. Alisimama na mikono kiunoni. "Mwaka wa tatu! Na mimi kila siku nakuletea pampu yangu, hata mkia wa samaki sikupi, nikidhani mfuko wako umejaa! Tekaai, mbona umetufanya tukudhulumu bila kujua?"

"Na mimi nimeimba uongo juu ya minazi miwili!" Mjomba Baraniko alilia, mikono kichwani. "Miwili!"

Kisha watu wakainuka, na hapo ndipo kichekesho kilipoanza. Spana moja ilikuwa imetumika kama komeo la banda la nguruwe wa mama mmoja. Ilipochomolewa, nguruwe wote walitoka, na watoto wakawakimbiza kuzunguka maneaba. Nyingine zilikuwa zimefungwa kwenye wavu kuuzamisha. Ile kubwa ya mabomba Shangazi Katarina alikuwa akivunjia kaa. Mjomba Baraniko alipanda mnazini akashuka na spana aliyokuwa ameitundika kwenye karara, shina la maua ya mnazi linalogemwa, ili liiname na kutoa tembo vizuri. Ilinata utamu mpaka mpini. Mzee Ioteba alilirudisha sanduku, spana zikaingia moja baada ya nyingine, na mjusi akahama kwa hasira.

"Sasa kula nguruwe," Mzee Ioteba aliamuru. "Ameshakufa, na wewe kesho unahitaji nguvu."

Jumamosi asubuhi Baba na Akineti walifika Betio nyuma ya lori la jirani. Poda ilikuwa bado imebaki masikioni mwa Baba. Akineti alimfuta kwa mate, Baba akalalamika kama mtoto.

Mwenye karakana alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, Mama Meria, grisi mpaka kwenye viwiko. Mafundi waliofika walikuwa wawili tu: Baba, na mwanamume mmoja wa Betio aitwaye Teaotai. Kila mmoja alipewa injini ya dizeli iliyokataa kuwaka.

"Kabla hujaanza," Mama Meria alimwambia Baba, "mara ya mwisho ulifanya kazi wapi?"

Akineti alisogea karibu. Aliona midomo ya Baba ikianza lile tabasamu la zamani, kisha ikaliacha.

"Melini, mama. Lakini huu ni mwaka wa tatu sijaajiriwa. Nimekuwa nikitengeneza pampu na injini za watu kijijini."

"Ahaa. Basi mikono haikulala," Mama Meria alisema. "Anza."

Baba aliinamia injini. Aligusa mabomba ya mafuta, akanusa, akasikiliza. Alikuwa ameanza kufungua nati ya kwanza Teaotai alipokuja amekunja uso.

"Kaka, samahani sana. Nina bubuti. Naomba spana namba kumi na saba. Yangu ameichukua mjomba wangu."

Akineti alitaka kupiga kelele. Ile ndiyo spana Baba aliyokuwa ameishika mkononi! Lakini ombi ni ombi. Baba alimpa. Halafu akasema maneno ambayo Akineti hakuwahi kumsikia akiyasema tangu azaliwe.

"Chukua, kaka. Ila na mimi naihitaji. Ukimaliza nati hiyo, irudi."

Teaotai alishangaa kidogo, kisha akacheka. "Haya, kaka. Itarudi."

Baba hakukaa bure. Alisafisha chujio la mafuta akingoja. Spana ikarudi, ikaenda tena, ikarudi tena, mpaka wale wawili wakawa wanarushiana kama mpira. Mwisho Baba alitoa hewa kwenye bomba la mafuta, akakaza nati, akazungusha mkono wa kuwashia. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanguruma. Akineti aliruka juu akipiga makofi, akasahau kabisa kuwa aliambiwa akae kimya. Injini ya Teaotai iliwaka baadaye kidogo, ikazima, ikawaka tena.

Mama Meria alizima zote mbili. "Tekaai, kazi ni yako," alisema. "Njoo Jumatatu. Injini umeiwasha vizuri, lakini nitakuambia kilichonifurahisha zaidi. Mafundi wangu ni wema mno. Mwaka huu nimenunua spana mara mbili, na zote ziko kwa shangazi zao. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwona akiazimisha kitu na kikarudi. Utashika ufunguo wa stoo." Kisha akamgeukia Teaotai. "Nawe usiende mbali. Boti zinaongezeka, na nitahitaji fundi mwingine."

Waliporudi Eita, kwa furaha Mama aliacha maandazi yaungue. Walipokwisha kula, Baba alimkalisha Akineti karibu naye, Bibi Taoaba akisikiliza.

"Mwanangu, nataka ulikumbuke jambo hili," Baba alisema. "Kukosa kazi si kosa, na si aibu. Kunaweza kumpata mtu yeyote, hata mwenye ujuzi. Kilichoniumiza ni kuficha. Nilipoficha, ndugu zangu walinichukulia spana wakidhani nina nyingi. Nilipowaambia ukweli, walizileta usiku mmoja. Ukiwa na shida, iseme. Wanaokupenda hawawezi kukusaidia shida wasiyoijua."

"Ndicho nilichosema kuhusu sukari," Bibi Taoaba alisema, akiendelea kusuka.

Jumatatu shuleni, Ruuta alimngoja Akineti langoni.

"Na vile viatu vyenye taa?"

"Havipo," Akineti alisema. "Niliongopa. Nisamehe."

"Hata mimi," Ruuta alisema, "yule binamu yangu mwenye pikipiki, hana pikipiki." Wakacheka mpaka kengele ikalia.

Jioni hiyo Baba alirudi kutoka kazini, grisi kwenye shati la kawaida; lile lenye nanga Mama alikuwa ameshalifanya tambara la kushikia kikaango. Mjomba Baraniko alikuwa anamngoja uani, akichora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Shemeji," alisema, "najua si vizuri. Lakini lile karara halikubali kuinama. Nina bubuti ya ile spana."

Wote walimtazama Baba. Baba alifungua sanduku, akaitoa spana, akaipangusa.

"Chukua, shemeji," alisema. "Nakuomba irudi kabla sijaenda kazini, kwa sababu nina kazi."

Kesho yake alfajiri, kabla hata jua halijachomoza, Akineti aliamshwa na wimbo kutoka juu ya mnazi, na wimbo huo ulikuwa wa kweli: Tekaai ana kazi, Tekaai anakwenda Betio. Alipotoka nje na ufagio wake aliikuta spana imelala juu ya sanduku, inanata utamu, na kando yake chupa ya tembo tamu iliyojaa mpaka shingoni.